Pembe Moja ya Tandala na Mashamba Matatu

Tulieni niwasimulie. Mwenye usingizi akalale kwake, maana mwishoni nitataka jibu, na jibu la mtu aliyekuwa akikoroma sina haja nalo.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo waliishi watu watatu wenye vipaji. Chibago alikuwa bingwa wa mitego. Kipaji chake cha pili kilikuwa kusimulia alivyotega, na hicho alikitumia zaidi, hata wageni wake walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba wameacha chungu motoni. Lechipya alikuwa na subira. Aliweza kukaa nyuma ya kichaka na upinde wake kutwa nzima bila kujikuna. Wa tatu ni Mbeleje, mjane, shemeji yake Chibago. Kipaji chake kilikuwa macho: aliona kila kitu, na karibu kila alichokiona alikidharau. Mimi nasimama upande wake, kwa sababu kijiji kile, wallahi, kilistahili kudharauliwa.

Sikilizeni desturi yao. Mvua ya kwanza iliponyesha, hakuna aliyeruhusiwa kushika jembe mpaka pembe ya tandala ilie. Mwenye pembe alisimama uwanjani, akageuza uso kuelekea shamba alilotaka lilimwe kwanza, akapuliza. Kijiji kizima kilikwenda huko na majembe, kikimaliza kinahamia jingine. Na mvua za kule ni fupi. Shamba la kwanza lilijaa mtama, la mwisho lilijaa mabua. Tangu mumewe afariki, shamba la Mbeleje lilikuwa la mwisho. Wanaume walifika wamechoka, wakakwaruza udongo kama kuku, wakanywa pombe yake wakaondoka. Mwaka ule alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu. Kama shamba lake lingelimwa mwisho tena, angekwenda kwa kaka zake kuomba chakula, na kaka zake hawakuwa watu wa kuombwa.

Basi pembe ya zamani ikapasuka, ikawa inakohoa badala ya kulia. Nyingine haikuwa rahisi kupatikana. Tandala dume akiwa kijana pembe yake ina msokoto mmoja, ukiipuliza inalia kama mwanambuzi. Inahitajika pembe ya mzee, iliyojisokota mara mbili na kuendelea. Na si kila mzee. Wapo madume wanaozeeka na vijipembe vya aibu, kwa kuwa ndivyo walivyozaliwa. Anahitajika dume wa ukoo mzuri aliyeachwa akazeeka.

Dume kama huyo walimjua wote. Mwisho wa kiangazi tai wakazunguka juu ya mto mkavu, watu wakakimbia, wakamkuta amekufa kwa uzee mchangani. Pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika zamani katika mapigano. Ya kulia ilikuwa nzima, ndefu, imefunguka nje kama mkono unaokaribisha wageni.

Wakaipeleka kwa Mtemi Ndudula, mtu mnene aliyependa kesi kwa sababu zilimpa nafasi ya kukaa. Sheria ilisema pembe ni ya yule aliyeiwezesha kuwapo. Wakajitokeza watatu.

Chibago akaanza, na kifua mbele.

"Mtemi, pembe hutoka kwa baba. Mwaka wa njaa baba yake huyu dume alinasa kwenye mtego wangu. Nani hamkumbuki, mwenye pembe zilizofunguka hivi? Wanangu walikuwa wanakula mizizi. Nikainua rungu, nikaona uzuri wa zile pembe, nikakata kamba akaenda zake. Mke wangu alinitukana mpaka masika. Ningemuua baba, mtoto angetoka wapi?"

"Shemeji, ulikata kamba kwa sababu alikurushia teke," Mbeleje akasema. "Mbona kovu hulisimulii?"

Watu wakacheka. Chibago akavuta shuka lake juu ya paja, na lile kovu likafichika. Lakini kamba aliikata kweli, na wanawe walilala njaa kweli.

Mbeleje akasimama. Hakutaka kuremba maneno.

"Mnazungumza kama vile pembe zinaota kwa baba peke yake. Jike hana pembe, basi mnamwona si kitu, kama mnavyotuona sisi. Mama yake huyu dume ni yule jike mwenye sikio lililochanika, na kaka yake wa tumbo moja alikuwa na pembe ndefu kuliko zote za bonde hili. Urefu huu ni wa ukoo wa mama. Jike hana pembe kichwani, lakini anazibeba tumboni. Alikuja kujificha kwenye kunde zangu akiwa na mimba nzito, mbwa wa kijiji wakamfuata. Nikasimama na mchi. Mbwa mmoja aliniuma hapa mkononi. Jike akazaa humo, akala kunde zangu zote mpaka mizizi, nami nikamwacha. Nyie mlisema mjane amerukwa na akili."

"Na baba wa hiyo mimba ulimjua?" Mtemi akauliza, macho nusu yamefumba.

Kusema uongo aliona ni kazi ya watu wadogo.

"Ni yule wa Chibago. Aliongozana na jike huyo msimu mzima, akifukuza madume wengine. Niliona kwa macho yangu."

Chibago akapiga makofi kwa furaha. Mbeleje alimtazama kama mtu anavyotazama uchafu kwenye nyayo.

Ndipo Lechipya akainuka polepole, kwa kuwa hata kuinuka kwake kulihitaji subira.

"Mimi sikufanya kitu," akasema.

"Hilo tunalijua," Mbeleje akajibu. "Sasa kukaa kitako nako kumekuwa kazi?"

"Dume huyu alikuwa akipita mbele ya upinde wangu kila kiangazi. Alipokuwa na msokoto mmoja nilikuwa na njaa. Alipopata wa pili nilikuwa na njaa. Kila mara nililegeza uzi. Mliniita mwoga, watoto wenu walinitungia nyimbo, mke wangu akaona haya akaenda kwao na hajarudi. Dada Mbeleje, wewe uliwafukuza mbwa siku moja. Shemeji yako alikata kamba siku moja. Mimi nilimwacha aishi kila mwaka. Baba mzuri na mama mzuri walimpa mwanzo wa pembe. Huu mwisho wake, huu unaolia, aliupata kwa miaka niliyomwachia."

Mbeleje akageuka kuwatazama watoto. Katika zile nyimbo zao, ubeti mmoja ulikuwa umetungwa na yeye mwenyewe.

Mtemi Ndudula akasema atalala alifikirie shauri hilo. Akalala siku nyingi, kufikiri sijui. Wazee wakapendekeza ikatwe vipande vitatu, watu wazima na mvi zao, mpaka mwanamke mmoja akawauliza kama wanataka kupuliza vikombe. Mawingu yakaja, mvua ikanyesha, udongo ukalainika. Hakuna jembe lililoguswa, kwa kuwa pembe haikuwa na mwenyewe. Watu walisimama milangoni wakitazama maji yanapita mashambani, wakitikisa vichwa. Si mnaona ni watu wa namna gani?

Asubuhi mvua ilipopumzika, Mtemi akawaita wote uwanjani. Alikuwa ametafuta njia ya kukwepa, akaipata.

"Mbeleje, wewe ndiye unayetuona wajinga sote. Shika pembe. Ipulize sasa hivi, ukielekea shamba la anayestahili. Utakakogeuka ndiko itakakokaa."

Mbeleje akaipokea, nzito na baridi. Kushoto lilionekana shamba la Chibago, mpumbavu aliyekata kamba watoto wake wakiwa na njaa. Kulia lile la Lechipya, limejaa magugu, nyumba yake haina moshi. Nyuma yake, ng'ambo ya mto, shamba lake, na nyumbani kile kibuyu kimoja. Akijipa mwenyewe, watasema mjane ana uchoyo sawa na wao. Akimpa mwingine, kaka zake wanamngoja. Mvua nayo ilianza tena kudondoka.

Chibago alikuwa ameacha kujisifu. Lechipya alitazama chini, akingoja, kazi aliyoizoea. Mbeleje aliwatazama wote wawili, na kwa mara ya kwanza hakupata tusi la kuwatosha. Akaiweka pembe mdomoni, akavuta pumzi, mashavu yakajaa, miguu ikaanza kugeuka.

Nami namwacha hapo hapo, pumzi ikiwa kifuani. Msinicheke. Nyie mnaojiona mna akili kuliko kijiji kile, mvua inanyesha na majembe yanangoja: mngemgeuza aelekee wapi?