Fisi Alivyopaka Rangi Vyumba vya Mama Kunde

Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Kadzo tukipukuchua kunde, naye alicheka mpaka ungo ukamwagika.

Zamani wanyama walikuwa wadogo, wadogo hasa, punje ya mtama kwao ni mlima. Waliishi udongoni. Mwaka mmoja ardhi ikakauka, Sungura akawa hana pa kulala wala cha kulamba. Akamsikia Mama Kunde akitangaza: "Mizizini kwangu kuna vyumba vinane vya mviringo. Sukari natoa mimi. Mpangaji apike hewa, iwe uji wa kulisha majani yangu. Asiyepika, hakai!"

Sungura akatimua mbio. Lo! Fisi kashatangulia. "Hodi!" chumba cha kwanza. "Hodi!" cha pili. Mpaka cha saba, yeye na wanawe, matumbo yanagusa kuta.

"Kaka Fisi, niachie kimoja!"

"Nikuachie? Mdomo huu unajua kuacha?"

Kikabaki cha nane, na Kobe yuko mlangoni. Wakasukumana, masikio huku, gamba kule, pwaa! Wakaangukia ndani wote wawili.

"Basi, mzee Kobe," Sungura akasema akihema, "wewe koroga, mimi nipulize moto." Wakapika mpaka chumba kikawa chekundu kama nyanya.

Lakini chungu kimoja hakitoshi, na kwa Fisi hakuna anayepika. Majani yakaanza kuwa manjano. Mama Kunde akifa, wote wanarudi vumbini! Sungura akapiga kelele: "Mama, pita uonje vyungu!"

Fisi akasikia. Mbio mbio akapaka udongo mwekundu kuta za vyumba vyote saba. "Karibu, Mama! Tazama moto ulivyokolea!"

"Mwanangu," akasema Mama Kunde, "mimi huku chini sina macho. Nina ulimi tu."

Sungura akajiziba mdomo kwa masikio asicheke.

Mama Kunde akaonja chungu cha kwanza cha Fisi. Kikavu! Cha pili. Kikavu, na sukari imelambwa! Hakugomba. Akaziba matundu ya hewa, akakata sukari. Vyumba saba vikanywea, pss, pss, pss. Fisi akatoka amekonda, rangi yote ya kuta imemgandia, mwekundu mpaka mkiani.

"Sungura, ndugu yangu, nipe hata pembeni."

"Unajua kupika?"

"Najua kula."

"Basi kale huko huko nje!"

Mama Kunde akaotesha vyumba vipya, wakaingia jamaa za Sungura na za Kobe, wawili wawili, majani yakarudi kijani.

Kesho mking'oa kunde, pasueni vile vinundu vya mizizini, ndivyo vyumba vyenyewe. Chekundu ndani, wamo wanapika. Cheupe, Fisi kapita. Haya, cheko limetosha, vuteni shuka mlale.