Mama Aliyekataa Kung'oa Majani

Ndugu zangu, mmesinzia? Sogeeni basi, mfano wa leo una chumvi.

Kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa mwani wa kuuza, ule unaofungwa kwenye kamba zilizokazwa kwa vigingi mchangani. Kikundi chake kilimpa kitalu kwenye maji mafupi, na watoto wake walikula kwa kitalu hicho. Kitalu kilijaa majani ya bahari, na katikati ya majani uliota mwani wa mawe, ule usio na mnunuzi. Mwani huo hujijengea chokaa mwilini, na ukifa huvunjikavunjika ukawa mchanga mweupe, huu huu tunaoukanyaga.

Wenzake waling'oa majani yote ili mwani wa kuuza upate nafasi, vitalu vikawa vyeupe pee. Yeye alikataa. Mguu wake ulimwambia jambo: mwani wa mawe uliobaki bila majani kwenye vitalu vyao ulikuwa dhaifu, ukiukanyaga unavunjika kama biskuti, lakini wake ulikuwa mgumu bado. Wakamcheka. Walisema magugu ameyafanya wakwe, hathubutu kuyagusa.

Mwenyekiti wa kikundi, bibi wa makamo, akamfuata majini na jembe begani.

"Mwanangu, ng'oa. Asiyesikia la mkuu unamjua."

"Namjua, Bi Mkubwa. Sing'oi."

"Basi msimu ukiisha kitalu atapewa mwingine."

"Mpeni. Atakayekuja kung'oa atanikuta nimesimama hapa hapa."

Ni jeuri hiyo? Ni jeuri, nami naipenda.

Msimu ule maji yalichemka. Na mnajua bahari inakunywa moshi wetu, wa magari na viwanda? Kila inavyokunywa, maji yanazidi ukali, na ukali huo unakula chokaa. Majani hupunguza ukali kidogo jua linapowaka. Pasipo na majani, mwani wa mawe ukaisha. Mchanga ukakosa wa kuuzaa na wa kuushika, ukaenda na maji.

Siku ya kumnyang'anya kitalu ikafika. Mwenyekiti akaja na kikundi kizima, lakini vigingi vyao vilikuwa vimeng'oka na kamba zinaelea ovyo. Akashika kigingi kimoja cha yule mama, akakitikisa. Hakikusogea. Akainamisha kichwa, akaomba wapewe nafasi nao wafunge kamba zao pale.

Mama akalitazama lile jembe.

"Karibuni, Bi Mkubwa. Jembe libaki pwani."

Mnacheka? Basi niambieni, jembe liko kwa nani leo? Moshi ni wetu. Mikoko tumeikata wenyewe. Na humu ndani, yule mjane asiye na cha kuchangia tumemsukuma hadi mlangoni, kwa sababu nasi tunataka kitalu cheupe. Nani alituambia kwamba asiyeuzika hashiki kitu?

Kesho mkubwa akikwambia ng'oa, hata nikiwa mimi niliyesimama hapa mbele, mtazame usoni umwambie sing'oi. Ukinyamaza ukang'oa, usije kunililia kigingi chako kikielea.