Somo wa Mtoto wa Generose

Hapo zamani, yaani Alhamisi, tarehe 14 Novemba 1996, saa nne kasorobo asubuhi, Bi. Generose Nahimana, mkunga kutoka milima ya Burundi, alifika kituo cha mapokezi cha Nyakimwe akiwa na ujauzito wa miezi tisa. Miiba ya njiani ilikuwa imelichana gauni lake kutoka begani hadi kiunoni. Mbele yake palikuwa na foleni ya wanaume arobaini. Akajibanza nyuma ya tangi la maji, nalo tangi lenyewe lilikuwa jembamba.

"Siandikishwi nikiwa hivi," alisema. "Heri nirudi nilikotoka."

Akamwona Bi. Tausi Mlekwa, muuza dagaa, aliyekuwa amebeba doti mpya ya kanga ya kuvaa arusini kwa mdogo wake. Tausi akaikata doti katikati, akampa Generose kipande kimoja.

Akamwona Kashindi, mgambo wa zamu. Kashindi akaamuru, "Wanaume wote, tazameni mlima. Atakayegeuka ataanza foleni upya." Wakageuka, naye akageuka. Papo hapo gari la mkuu wa kituo likaingia, na mkuu akapokewa na migongo arobaini na mmoja. Kashindi alifagia uwanja siku tatu.

Generose akajifunga kanga, akafika mezani. Karani Modesta Kabyemera alikuwa amekwisha kuandika, kama alivyowaandikia wanawake wote waliotangulia: "Kazi: hana."

"Dada, nimezalisha watoto mia mbili na sita," alisema Generose. "Huyo asiye na kazi ni nani?"

Fomu hazikuruhusiwa kufutwafutwa. Modesta akaichana, akaandika upya: "Kazi: mkunga." Kisha akawaita wanawake wote waliotangulia, akamwuliza kila mmoja kazi yake, akaziandika upya fomu zao pia. Siku hiyo hakula chakula cha mchana.

Jumapili, tarehe 24, Generose alijifungua mtoto wa kike. Kwa desturi ya kwao, jina hutolewa siku ya saba, naye alikuwa ametangaza kwamba mtoto ataitwa kwa jina la mtu aliyemtunzia heshima yake. Basi Jumamosi, tarehe 30, wakafika wote watatu.

"Mwanangu, nilikwenda arusini na kanga kuukuu," alisema Tausi. "Mashangazi wananiteta mpaka leo. Bila kanga yangu ungetokaje nyuma ya tangi?"

"Na bila migongo yetu, Bi. Tausi, hiyo kanga angeifunga mbele ya macho ya nani?" aliuliza Kashindi.

"Wewe nawe. Mtoto ni wa kike."

"Jina halina ndevu, mama."

Modesta akakohoa kidogo. "Kanga itachakaa, na migongo imekwisha kugeuka. Nilichoandika kipo. Kwa maandishi hayo zahanati imemwita kazini, aanze atakapomaliza arobaini."

Generose akacheka hadi mtoto akaamka. "Kila mmoja ana haki yake," alisema, "na mtoto ninaye huyu tu." Akatugeukia sisi tuliokuwapo, akangoja tuseme.

Bwana Filbert Kijuu, mfanyakazi mwenzetu wa kituo, husimulia kwamba walizaliwa mapacha watatu, kila mmoja akapata somo wake. Nasahihisha: mtoto alikuwa mmoja, na Bwana Filbert alikuwa likizo tangu tarehe 11. Je, somo wa mtoto huyo alistahili kuwa nani?