Kapera Atafuta Cheo Kisicho na Kazi

Paukwa!
Pakawa!
Nikisema kweli?
Tutaitika!
Nikitia chumvi?
Tutalamba!
Nikisahau?
Tutakukumbusha!

Haya, kaeni vizuri. Wewe unayekohoa, kohoa sasa umalize.

Hapo kale, babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na mji ukiitwa Mseto. Mji wenyewe ulikuwa na mitaa mitatu. Mtaa wa juu Wanyamwezi, mtaa wa kati Waswahili waliokuja na misafara, mtaa wa chini Waarabu wenye maduka ya nguo. Kila mtaa na lugha yake, lakini wote walikunywa maji ya bwawa moja.

Katika mji huo alikuwapo mwanamke, jina lake Nyamizi. Alizaliwa mtaa wa juu, akaolewa mtaa wa kati, akauza asali mtaa wa chini. Lugha zote tatu zikawa kinywani mwake. Mnadhani ni baraka? Thubutu! Watu wakigombana: "Nyamizi, njoo utafsiri." Mtu akiposa: "Nyamizi, njoo." Mbuzi kala shuka ya mtu: "Nyamizi!" Akachoka mpaka ulimi ukamuuma.

Mwaka mmoja tuta la bwawa likafanya ufa. Mwembamba, wa kuingia kidole. Mvua za masika zilikuwa njiani. Nyamizi alikuwa na binti aliyeolewa mtaa wa chini, mimba yake miezi minane. Tuta likibomoka, maji yangeanzia mlangoni kwa binti huyo.

Usipoziba ufa?

Utajenga ukuta!

Nyinyi mnajua. Watu wa Mseto nao walijua. Lakini kila mtaa ulisema ufa si wake. Mwishowe wakakubaliana wamweke mkubwa mmoja awaongoze. Wakamchagua Kapera, mdogo wake Nyamizi, baba mmoja mama mmoja. Alikuwa na kifua kipana na sauti nene. Alijua Kinyamwezi tu, na Kiswahili cha kununulia chumvi.

Kapera akasimama. "Nimekubali. Lakini mkubwa bila cheo ni jogoo bila mkia. Kazi haianzi mpaka nipewe cheo."

Nyamizi akatafsiri kwa Kiswahili. Akatafsiri kwa Kiarabu. Akaguna, na mguno haukuhitaji tafsiri.

Mtaa wa juu wakampa utemi. Ngoma siku tatu. Siku ya nne asubuhi akaja mzee Ndega, mjomba wao, na shoka begani.

"Mtemi, amka. Mtemi ni mwenye kutema, mwenye kukata. Watemi wetu walifyeka pori, watu wakapata pa kukaa. Nenda ukakate mti wa kwanza, tupate magogo ya kuegemeza tuta."

Kapera akatazama viganja vyake, laini kama maandazi. "Dada, mwambie sikitaki tena hicho cheo."

"Huyu ni mjomba wako na lugha yenu ni moja!" Nyamizi akafoka. "Mwambie mwenyewe!"

Ufa ukaingia kiganja.

Kapera akasema, "Nimesikia wa misafara wakiwasifu majumbe wa pwani. Nataka niwe jumbe." Mtaa wa kati wakamvika kilemba. Zumari siku tatu. Siku ya nne akaja Mwana Shali, fundi wa mikeka, mkubwa wa mtaa huo.

"Jumbe, vaa viatu. Jumbe na mjumbe ni neno moja, na mjumbe hutumwa. Nenda kwa jirani zetu wanaokaa upande wa juu wa mto, ukatuombee udongo wa mfinyanzi. Ni mwendo wa siku mbili."

Nyamizi akatafsiri. Kapera akauliza, "Kwenda na kurudi?"

"Kwenda," akajibu Mwana Shali.

"Dada, waambie mguu unaniuma."

"Mguu gani?"

Kapera akashika wa kulia. Jioni akaonekana sokoni, anachechemea wa kushoto.

Ufa ukaingia mkono mpaka kwenye kiwiko. Nyamizi alikwenda kuupima kila asubuhi, akirudi anazungumza peke yake kwa lugha tatu.

Kapera akasema, "Nataka uwaziri. Nasikia waziri hukaa juu ya mto wa hariri." Mtaa wa chini wakamvika joho. Ubani siku tatu. Siku ya nne akaja Sheikh Humudi, muuza nguo, na gunia la udongo.

"Waziri, inama nikutwike. Wazee wetu husema neno waziri limetoka kwenye mzigo. Waziri humsaidia mfalme kubeba mzigo wake. Sisi mfalme hatuna. Wewe beba wa mji."

Kapera akaligusa gunia kwa kidole kimoja, akarudi ndani, akafunga mlango.

Nyamizi akaubamiza mlango mpaka ukafunguka.

"Kapera! Mchagua jembe si mkulima. Wewe hasa unataka nini?"

"Usinigombeze, dada. Nataka cheo kisicho na kazi. Nisikate, nisitumwe, nisibebe. Nikae tu, niheshimiwe."

Nyamizi akanyamaza. Jamani, msemaji akinyamaza, kimbieni!

"Kipo," akasema taratibu. "Mwenye cheo hicho habebi mzigo, yeye ndiye hubebwa. Huvishwa nyeupe tupu. Akipita, watu husimama, kisha humfuata nyuma. Hata adui zake humsema kwa wema."

Macho ya Kapera yakang'aa. "Kinaitwaje?"

"Marehemu."

Msicheke! Kapera mwenyewe hakucheka.

"Maana yake?"

"Aliyerehemiwa. Ni neno la Kiarabu, na Waswahili wanalitumia." Na hapo hakusema uongo hata chembe.

"Marehemu Kapera," akalionja ulimini. "Lina uzito. Kesho nipeni."

Jioni hiyo Nyamizi alizunguka mitaa yote mitatu. Asubuhi wanaume wakaja na kitanda cha kamba na shuka nyeupe. Kapera akajilaza, wakamnyanyua.

Watu walisimama njia nzima. "Alikuwa na sauti nzuri," wakasema wa mtaa wa kati. "Alipenda kula, maskini," wakasema wa mtaa wa chini. Kapera akawapungia mkono. Mwana Shali akasema neno, Nyamizi akatafsiri: "Anasema wenye cheo chako hawapungi."

Wakapita nyumbani kwake. Kapera akainua kichwa.

"Dada, mbona mjomba anafungua mbuzi wangu?"

"Cheo hicho huenda na mirathi."

"Na mke wangu mbona amefunga kitambaa cheusi?"

"Lala, Kapera."

Wakafika kwenye bwawa. Kando ya tuta palikuwa na shimo refu, walipoanza kuchimba udongo. Wakakitua kitanda ukingoni. Kapera akachungulia. Jasho likamtoka.

"Dada. Marehemu ni nani? Niambie kwa Kinyamwezi!"

Nyamizi akamwambia kwa Kinyamwezi. Lilikuwa neno moja, fupi.

Lo! Kapera aliruka na shuka yake, akaanguka, akainuka. "Mimi mzima! Mzima! Nipeni shoka! Nitumeni! Nitwikeni!"

Hakuna aliyecheka. Mjomba Ndega akampa shoka. Sheikh Humudi akamwonyesha gunia. Kapera akainama.

Alifanya kazi siku kumi na moja, na alipoanza yeye mitaa yote ilimfuata. Viganja vilipasuka. Siku ya kumi na mbili mvua ikaja, na pembe moja ya tuta haijakwisha. Maji yakachukua maghala mawili na banda la kuku, yakafika kizingitini kwa binti wa Nyamizi, yakasita. Kapera alikuwa ndani ya tope mpaka kifuani, amekumbatia gogo, analia na anasukuma. Tuta likasimama.

Mvua ilipokatika watu walimwendea Nyamizi. "Wewe ndiye mkubwa wetu."

"Awe mtemi!" "Jumbe!" "Waziri!" Wakaanza kubishana kwa lugha tatu, kisha wakageuka wote pamoja. "Nyamizi, njoo utafsiri! Sema mwenyewe, tukuite nani?"

Nyamizi akawatazama. Alikuwa na tope mpaka kwenye nyusi.

"Chakula kikiiva," akasema, "niiteni."

Akaingia ndani, akalala.

Nami maneno yangu yameniishia. Matamu yabebeni, machungu niachieni, na aliyesinzia amuulize jirani yake.

Tumesikia!