Mtu Aliyeulizwa Habari za Kiangazi

"Nimemjibu!"

"Umemjibu nini?"

"Alichoniuliza. Kaniuliza habari za kiangazi, nimempa habari za kiangazi. Ulitaka nimuulize habari za sufuria yake?"

"Ndiyo! Hiyohiyo sufuria. Baba watoto, mtu haamki alfajiri siku tatu mfululizo akavuka korongo kuja kuuliza mawingu. Kwani kwake hakuna mbingu?"

"Mbingu zipo. Asiyejua kuzisoma huja kwa anayejua."

"Haya, msomi wa mbingu. Na uso wa mtu umewahi kuusoma?"

Ndugu zangu, hivyo ndivyo walivyokuwa wakigombana mume na mke, asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, katika nchi kavu iliyo chini ya milima. Tusiwaamue bado. Kwanza tumjue huyu mume.

Alikuwa mkulima kama wakulima wengine, ila alikuwa na jambo moja: alipenda kujua. Watu wengi hutazama juu wanapotaka kitu. Yeye alitazama juu hata akiwa hataki kitu. Nyuma ya nyumba yake alisimamisha nguzo, juu yake akafunga kopo la maziwa ya unga, na kila mvua iliponyesha alitumbukiza kijiti humo, akapima, akaandika. Aliandika kumbikumbi wametoka lini, migunga imechanua lini, moshi wa jikoni umelalia upande gani. Niwaulize: lile wingu linaloamka juu ya mlima asubuhi, na saa sita halipo, huwa linakwenda wapi? Sisi tunaona tu kwamba halipo, tunaendelea na kazi. Yeye swali hilo lilimkosesha usingizi. Wala si vibaya. Mungu hakutupa macho ili tutazame dunia kama ng'ombe anavyotazama lango.

Kijijini walimwita Bwana Hewa. Wanawake walipopita kwenda kisimani walimpigia kelele, "Bwana Hewa, leo tufue au tuache?"

"Fueni, lakini muanue kabla ya saa nane!"

Mvua ikanyesha saa saba. Walipopita tena na nguo zilizolowa walimwambia, "Mkeo tumempa pole. Kaolewa na mwongo!" Naye akacheka nao, kisha akaenda kuandika alipokosea. Alikuwa mtu mwema, shikeni hilo. Ghala lake lilikuwa na mahindi ya masika mpaka juu, na mtu aliyeomba hakurudi mikono mitupu. Aliyeomba, nasema.

Mwaka ule vuli ilikuwa haieleweki. Alfajiri ubaridi wa kutafuta shuka. Saa nne jua la kuchoma utosi. Adhuhuri wingu jeusi, ngurumo, watu wanakimbilia majembe. Mara unakuja upepo wa nyikani, unalisukuma wingu lote nyuma ya mlima, na vumbi linabaki kama lilivyokuwa. Siku moja ilinyesha upande mmoja wa korongo, na upande wa pili kuku wakaendelea kuoga vumbi. Kila watu walipokutana walizungumza hilo tu. Tupande? Tungoje? Na kama vuli yenyewe ndiyo hii, kiangazi kitakuwaje?

Basi ng'ambo ya korongo aliishi jirani yake, kijana mwenye mke na watoto wanne, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alifika kabla jua halijatoka, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umewahi kuliko jogoo!"

"Nimewahi. Unayaonaje, mzee, mawingu haya?"

Bwana Hewa akaeleza. Akamzungusha nyuma ya nyumba, akamwonyesha kopo na kijiti. Jirani akasikiliza, akashukuru, akaondoka. Siku ya pili akarudi, akauliza kama mvua ikianza itashika au itakatika. Bwana Hewa akaeleza tena, kwa kirefu zaidi ya jana.

Siku ya tatu jirani akauliza, "Mzee, na kiangazi kinachokuja? Kitakuwa kirefu?"

Hapo Bwana Hewa alisisimka. Kijiji kizima kilimuuliza habari za kesho, na huyu peke yake anamuuliza habari za miezi mitatu mbele! Kwa nini? Ameona dalili gani? Au na yeye ana kopo lake nyuma ya nyumba? Aliyageuza hayo moyoni kwa furaha, kama mtoto anavyogeuza jiwe kuona kilicho chini yake. Ila mwenye swali alikuwa amesimama mbele yake, na hakumuuliza.

"Kijana," akasema, "vuli ya kuyumba hivi nimeiona mara mbili. Mara zote mbili kiangazi chake kilikuwa kirefu, mpaka mbuzi wakala nyasi za mapaa. Haya mawingu ni ya uongo. Yatanyunyiza, mbegu itachipua, kisha jua litaikaanga."

"Kwa hiyo mtu asipande?"

"Mimi nitapanda, kwa kujaribu tu. Nikikosa, nimekosa. Lakini ukiniuliza kama kuna mvua ya kweli hapa, nakwambia hakuna."

Jirani akatazama vidole vya miguu yake. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Kisha akasema, "Ahsante, mzee. Umenisaidia sana." Akavuka korongo.

Ndipo mke, aliyekuwa anapepeta kunde uani, alipotupa ungo chini, na ugomvi ule ukaanza.

"Uliona alivyofungua mdomo?" akamuuliza mumewe.

"Niliona. Alikuwa anafikiri."

"Alikuwa anangoja umuulize! Mtu akisimama mlangoni kwako, ukishaitikia salamu, unamwambiaje? Si unamwambia, haya, lete habari? Akishaambiwa hivyo ndipo anapata njia ya kusema. Wewe unamkimbiza nyuma ya nyumba kumwonyesha kopo! Juzi niliwaona watoto wake wanachuma majani ya ukwaju, wanayala papo hapo. Na jana jioni kisimani mkewe kaniambia. Juu ya meko yao, yanapotundikwa yapate moshi yasiliwe na wadudu, yamebaki mafungu mawili ya mahindi ya mbegu. Mawili, baba watoto. Hawajui wayapande au wayachemshe. Mume anangoja neno lako."

Bwana Hewa alimgeukia. "Mbona hukuniambia?"

"Nakwambia sasa. Yule mwanamke alinishika mkono, akaniapisha nisiseme. Na nikipeleka unga mimi, kabla mwenyewe hajafungua mdomo, nitakuwa nimemtangaza mwanamume wa watu. Nenda wewe. Mwambie mbegu zake azifukie, na chakula aje achukue hapa. Nenda sasa hivi."

"Nakwenda."

Na kweli alichukua kofia, akatoka. Alifika kwenye nguzo ya kopo, akasimama. Upepo ulimgusa shavu la kushoto. Miaka yote upepo wa saa ile ulimgusa la kulia. Akalowesha kidole, akakiinua. Kweli, upepo ulikuwa unageuka! Akauangalia moshi wa jikoni kwake: ulilala, ukasimama, ukalala upande mwingine. Kitu hicho hakikuwamo kwenye daftari lake.

"Bado uko hapo?" mkewe akaita.

"Nitakwenda kesho asubuhi. Leo nataka kuona upepo huu utaishia wapi."

"Upepo hauna watoto, baba watoto!"

Lakini alikuwa ameshakaa chini, mgongo kwenye nguzo, uso juu. Na alikaa pale mpaka giza likamfukuza. Kesho ni karibu, alijiambia. Nani amewahi kufa njaa kati ya leo na kesho?

Kulipopambazuka, mvua ilikuwa inanyesha. Haikuwa na ngurumo wala kishindo. Ilikuwa mvua ya kushuka taratibu, iliyokaa, ile ambayo ardhi inainywa bila kuimwaga. Bwana Hewa alitoka akatazama milima, hakuiona. Wingu lilikuwa limeifunika mpaka miguuni. Akainua viganja. Akacheka peke yake. Alikuwa amekosea, amekosea vibaya sana, na hajawahi kufurahi hivyo kwa kukosea! Hii ilikuwa mvua ya wiki. Hii ilikuwa mvua ya kuvuna.

Ndipo alipomkumbuka jirani.

"Apande!" alisema kwa sauti. "Nikamwambie apande!"

Alikimbia bila kofia. Korongoni maji yalikuwa yameanza kutembea, yakamfika vifundoni. Alipopanda ng'ambo ya pili aliona moshi mzito unatoka jikoni kwa jirani, unapenya katikati ya mvua. Moyo wake ukatulia. Mungu ni mwema, akawaza, wamepata cha kupika. Akakaza mwendo. Alipoingia uani harufu ikamjia, ya mahindi yanayochemka. Alijiuliza, kama kawaida yake: mbona mahindi haya yananuka moshi? Mahindi ya ghalani hayanuki moshi.

Kisha akaona pembeni mwa mlango. Magunzi yamelundikwa, meusi kwa masizi, yamepukuchuliwa yote mpaka ncha.

Ndugu zangu, tumwache hapo mlangoni kidogo, anachuruzika maji, na tuangaliane sisi wenyewe.

Alikosea wapi huyu mtu? Mtasema alikosea kutabiri. Lakini nani kati yetu anajua vuli itakavyokuwa? Hilo Mungu hatamuuliza. Mtasema alipenda mno kujua. Hapana, kupenda kujua ni zawadi, na ningetamani tuwe nayo zaidi. Kosa lake ni kwamba alitaka kujua kila kitu isipokuwa kitu kimoja: huyu aliyesimama mbele yangu ana nini? Swali lilikuja na miguu yake, na macho yake, na njaa yake, yeye akalipokea swali, mwenye swali akamwacha nje.

Na jibu alikuwa nalo! Hakuhitaji hata kuinua shingo. Lilikuwa limejaa ghalani mwake, hatua ishirini kutoka mlangoni. Angesema, "Panda zako, ule zangu," vuli ingekuwa ya kweli au ya uongo, watoto wale wangekula.

Sisi je? Binti anakuja kutuuliza, "Shule zinafunguliwa lini?" Tunamtajia tarehe, na tunajiona tumejibu. Nani alimuuliza kama ana sare ya kuvaa siku hiyo? Mama anauliza, "Eti hospitali ya wilaya ni mbali?" Tunamwambia kilomita. Nani alimuuliza nyumbani kwake anaumwa nani? Mzee anatuambia, "Siku hizi usiku umekuwa mrefu." Tunamjibu, "Ndiyo, ni majira yake haya," tunapita. Mara ngapi mtu amesimama mbele yetu akazungumza mawingu, mvua, baridi, kwa sababu shida yake ilikuwa nzito kuitaja kwa jina? Ukiwa na aibu unaanza na hali ya hewa. Tumefanya hivyo sisi sote. Basi tukijua tulivyofanya sisi, mbona hatuwatambui wengine wakifanya?

Tena kuna hili la kesho. Yule mtu aliambiwa. Mkewe alimwambia kila kitu, na bado akasema kesho. Sisi tumekwisha kuambiwa mambo mangapi? Neno tulilolitupa bila kufikiri, mwenzetu amelibeba, amevuka nalo korongo, na usiku huohuo anaamua maisha ya watoto wake kwa neno hilo. Na sisi tumelala.

Mnajua ningetaka nini? Ningetaka Bwana Hewa amkute jirani ana hasira. Angetukanwa, angelia, angeomba msamaha, na sisi tungekwenda nyumbani tumetulia. Lakini haikuwa hivyo. Mlango ulifunguliwa, na mvua ilikuwa inanyesha ileile, taratibu, ya kushika. Jirani alikuwa ameshika bakuli. Nyuma yake watoto wanne walikuwa wanakula na kucheka. Alipomwona mgeni amelowa, uso wake ulijaa shukrani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema:

"Karibu, mzee, ingia ule nasi! Mungu akuzidishie. Bila wewe tungekuwa tumezifukia mbegu zote ardhini. Ingia haraka, usiloweshwe bure na hii mvua ya uongo uliyotuambia."