Sultani Kichwa Chini

Hapo zamani, katika mji wa Mtangawe, alitawala sultani jina lake Hazali, ambaye hakuendea kitu. Kila kitu kilimwendea yeye, nacho kikakoma hatua kumi mbele ya kiti chake. Aliyeruhusiwa kumkaribia ni mtumishi wa kumlisha tu, naye alifungwa kitambaa machoni.

Basi Hazali akamwagiza Mshamu, mfua shaba, amfulie kioo cha kuukuza uso wake. Mshamu akaifua shaba, akaibonyeza katikati kama bakuli, akaisugua kwa majivu na ndimu hata ikang'aa. Akasema, "Hiki hutazamwa kwa karibu."

Waziri Dahalani akamcheka. "Karibu ya nani, wewe? Hapa hata nzi hukaa hatua kumi."

Kioo kikatundikwa ukuta wa mbali, hatua kumi kutoka kitini. Sultani akatazama, akajiona kadogo, kichwa chini miguu juu, kama popo.

"Haini! Amenipindua!" Mshamu akatiwa gerezani. Ikifika adhuhuri ya Ijumaa na Sultani bado amepinduka, akatwe kichwa. "Wala nyundo isikiguse tena kioo hicho. Kimekwisha kunitukana kimyakimya, sitaki kinitukane kwa kelele."

Wenye hekima wakaja. Wa kwanza akakizungusha cha juu kikawa chini. Na kwa kuwa kioo kilikuwa duara, Sultani akabaki popo vilevile. Wa pili akashauri kilemba kivaliwe miguuni. Wote wawili wakavishwa majoho ya heshima.

Mke wa Mshamu akamkimbilia kaka yake, Chande, fukara aliyejulikana mji mzima kwa ujinga. "Kaka, kesho ni Ijumaa!"

Chande alikuwa ameshika upawa wa shaba, anautafutia chakula. Akajiona humo kichwa chini, naye hakushtuka. Mwenye njaa hutazama sana ndani ya vijiko. Ilibaki punje moja ya wali. Akiiweka mbali na shaba, ilipinduka. Akiisogeza hata karibu kugusa, ilisimama wima, ikanenepa, tumbo likadanganyika.

"Nyamaza, dada," akasema. "Mumeo hana kosa. Kosa ni la hatua kumi."

Siku ya Ijumaa Chande akasimama barazani.

"Wenye akili wameshindwa," akasema Sultani, "utaweza wewe, mla makoko?"

"Wao walishughulika na kioo, Maulana. Mimi nimekuja kumrekebisha Sultani."

Baraza zima likaguna.

"Umekataza nyundo," Chande akaendelea, "miguu yako hukuitaja. Nipe watu wanne wakushike vifundoni wakuning'inize kichwa chini. Kioo hiki hupindua. Kikimpindua aliyepinduka, humo ndani atakuwa wima."

Dahalani akahesabu kwa vidole, akainama. "Hesabu ni sahihi, Maulana." Na walinzi wanne, kwa utii mkubwa, wakakunja mikono ya kanzu.

"Ngojeni!" Sultani akavuta miguu yake chini ya joho. "Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, lakini ni nzito zaidi. Kutembea."

Hazali akawatazama wale wanne, akashuka kitini. Hatua ya tano, yule popo akaanza kuvimba. Ya saba, akajaa kioo kizima, akavurugika kama uji uliomwagika. "Ananiyeyusha!" akalia Sultani. "Songa tu, Maulana," akasema Chande. Ya tisa, pua ikielekea shabani, uso ukainuka wima, safi, mkubwa kama sinia. Sultani akatabasamu kwa furaha, na papo hapo tabasamu likakatika.

"Mchicha huu menoni una muda gani?"

Dahalani akasema, "Kwa hatua kumi, Maulana, ni lulu tupu."

"Na mbona mawaziri wangu siwaoni humu? Naona ukungu tu."

"Ndio hao hao, Maulana," akajibu Chande.

Sultani akaukodolea macho ule uso mkubwa, kisha akaangua kicheko hata ule mchicha ukatoka. Mshamu akafunguliwa kabla ya adhana. Majoho ya heshima yakavuliwa, na tangu siku ile mawaziri, wakiongozwa na Dahalani, wakapanga foleni kila asubuhi kuyakagua meno ya bwana wao, wakiwa karibu kiasi cha kunusa.

Chande alipoulizwa atakacho, akaomba sinia la pilau. Likaletwa. Akaliinamia, akalitazama kwa macho matupu, bila shaba yoyote, akaridhika na ukubwa wake.