Mlango Uliokataa Kufunguka na Kiti Kimoja cha Urubani

Simu mfukoni, madaftari mezani, na wewe wa nyuma, hiyo bazoka unayotafuna iteme. Nikisema "Mlango?" mnaitikia "Umefungwa!" Haya. Mlango? Aa, mmekunywa chai kavu nini? Mlango? Naam, sasa nimesikia watu.

Mimi ni Kapteni Bwire. Nimerusha ndege miaka thelathini na mmoja, nimestaafu mwezi uliopita, na hapa kazi yangu ni kuwafundisha nyinyi wahudumu wapya jambo moja tu: mlango wa chumba cha marubani. Kumimina chai bila kumuunguza abiria mtafundishwa na wengine. Leo lakini sifundishi. Leo nawapa hadithi ambayo mwisho wake siujui, na kesho saa nne asubuhi nadaiwa jibu. Usingizi umenihama, kwa hiyo sikilizeni vizuri.

Katika shirika letu wamo vijana watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Hamduni, mtu wa Tanga, fundi wa ndege. Kipaji chake ni sikio. Akipita karibu na injini husimama, akainamisha kichwa, akasema, "Hii inalalamika." Mkifungua, mnakuta kweli inalalamika.

Wa pili ni Tekla Ngonyani wa Songea, mhudumu. Kipaji chake ni ulimi. Nimemwona akimtuliza mheshimiwa mmoja aliyekosa kiti cha dirishani, mpaka mheshimiwa akaomba radhi yeye. Sauti yake haipandi wala haishuki, hata nyumba ikiungua.

Wa tatu ni Nyamizi wa Tabora, mhudumu naye, na kipaji chake ni shingo. Shingo ngumu hiyo! Ukimwambia kanuni ni hii, basi ni hii, hata mama yake mzazi hampitishi. Wenzake wanamwita Bi Kanuni, naye anaitika.

Wote watatu wanataka kitu kimoja: kuwa marubani. Shirika hupeleka mfanyakazi mmoja tu kwa mwaka kwenye chuo cha urubani, na umri ukivuka miaka thelathini hupokelewi. Wameomba mara tatu, wamekosa mara tatu. Mwaka huu ndio wa mwisho kwao wote. Baada ya hapo, Hamduni atabaki na spana zake, na wale wasichana na trei zao, mpaka wazeeke.

Sasa ile siku. Tulikuwa Mwanza, ndege ya pangaboi, safari ya Dar es Salaam, asubuhi njema isiyo na wingu. Kabla abiria hawajapanda nikawakusanya watu wangu kama kawaida, nikachagua chakula cha siku. Hii ni desturi yangu, na mtaifuata. Mhudumu akitaka kufunguliwa mlango wetu, anapiga simu ya ndani na kutaja chakula tulichopatana. Akitaja kingine chochote, maana yake kuna hatari nyuma yake, msifungue. Siku hiyo nikachagua samaki. Tupo Mwanza, ningechagua nini? Nikawaambia, "Atakayesahau, mwenzake amzuie. Hata nikisahau mimi, nizuieni." Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Abiria sitini na wanane wakapanda, wakafunga mikanda. Hamduni akaja kutazama mara ya mwisho, akaufunga mlango wa chumba chetu, akaufungua, akaufunga tena. Akainamisha kichwa.

"Kapteni, komeo linasema *tak*."

"Lisemeje, salamaleko?"

"Linatakiwa liseme *tak-tak*. Hilo la pili halijafika."

Nikamwambia huo ni mlango wa ndani, si bawa. Weka sahihi kwenye kitabu tuondoke. Bila sahihi ya fundi ndege hairuki, naye anajua.

"Sahihi siweki," akasema, akavua koti lake na kupiga magoti.

Dakika arobaini! Abiria wakamtukana. Mama mmoja mnene, aliyekuwa anawahi harusi ya mwanawe, akamwuliza kama alisomea ufundi au uganga. Nami nikamwambia maneno ambayo siyarudii mbele ya watoto wa watu. Hamduni akaendelea na kazi. Alibadilisha komeo, akalisikiliza mara sita, akaweka sahihi, akashuka jasho likimtoka. Mie nikiwa nimeketi kitini nikaanza kuitunga kichwani barua ya kumshtaki. Wahenga walisema kawia ufike, lakini rubani mwenye njaa hakumbuki wahenga.

Tukaruka. Nusu saa hivi angani, rubani msaidizi wangu, Sangiwa, akaenda chooni. Choo kiko palepale nje ya mlango wetu. Na kanuni mnaijua: ndani ya chumba cha marubani habaki mtu peke yake, hata kwa dakika moja. Akitoka rubani, anaingia mhudumu. Kwa hiyo Nyamizi akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama.

Kule nje, mtu wa kiti cha nne, mtu mzima mwenye suti, kimya tangu Mwanza, akainuka. Alikuwa amelichana kopo la soda likawa na makali ya kisu. Akasukuma kitoroli cha vinywaji kikabana mlango wa choo, Sangiwa akabaki ndani. Kisha akamkamata Tekla kwa nyuma, akamwekea lile kopo shingoni.

"Ndege irudi Mwanza. Mwambie afungue. Sema kama unavyosema siku zote, nikisikia kingine nakumaliza."

Alikuwa na nini huko Mwanza, mpaka leo sijaambiwa. Tekla akachukua simu. Alijua kwamba akisema samaki, mlango utafunguliwa, kopo litaondoka shingoni mwake, na mtu yule ataingia penye usukani wa watu sabini na wawili. Alijua pia akisema kingine, yeye ndiye atakayebaki nje na makali.

"Kapteni," akasema kwa sauti ileile ya kila siku, "wali kuku wako uko tayari. Naomba mlango."

Jamani, mimi na kuku! Tangu alfajiri sikuwa nimetia kitu tumboni. Mwalimu mzima, mwenye desturi yake, nikasahau. Nikamwambia Nyamizi, "Mfungulie huyo, kuku atapoa."

Nyamizi akachungulia kwenye kitundu. Akaona uso wa Tekla tu, unatabasamu. Hakugusa komeo.

"Kapteni, leo ni samaki."

"Nini?"

"Asubuhi ulisema samaki."

Ndipo nikakumbuka. Na kabla sijasema lolote, teke la kwanza likatua mlangoni. Mlango ukatikisika mpaka kofia yangu ikadondoka. Teke la pili. La tatu. Komeo likashika. *Tak-tak*, nikaisikia hiyo sauti ya Hamduni kichwani mwangu, na sitaisahau.

Kisha ikaja sauti ya yule mtu kwenye simu: "Fungueni, la sivyo namchinja!" Na nyuma yake nikamsikia Tekla akipiga yowe, mara moja tu.

Mnaniangalia hivyo mnadhani ningefanyaje? Nina binti wa umri wake. Sikusahau kitu safari hii, nilijua ninachosema, na nikasema: "Nyamizi, fungua. Atamuua mtoto wa watu." Nikanyoosha mkono mwenyewe, maana komeo liko nyuma ya kiti changu, ukijipinda unalifikia.

Nyamizi akaugeuzia mlango mgongo, akaliziba komeo kwa mwili wake. Machozi yanamtiririka, lakini shingo iko palepale.

"Nimesema fungua! Kapteni hapa ni nani?"

"Ni wewe, Kapteni. Na Tekla ndiye aliyesema kuku. Amekwisha chagua, mimi ni nani nimtengue? Wewe rusha ndege. Mlango niachie mimi."

Nikarusha ndege.

Teke la nne ndilo lililommaliza yule bwana. Alisimama kwa mguu mmoja, na Sangiwa akaupiga mlango wa choo kwa bega, kitoroli kikaruka na kumkumba magotini. Akaanguka. Abiria wawili wakamrukia, na yule mama wa harusi akamkalia mgongoni mpaka Dar es Salaam, anamsimulia madhambi yake yote. Tekla alishonwa nyuzi saba shingoni. Harusini yule mama alifika, na hakuchelewa sana.

Basi, wiki jana Mkurugenzi kaniita. "Mzee Bwire, mwaka huu hakuna mtihani. Kiti cha chuo cha urubani anapewa aliyeiokoa ndege ile. Wewe ulikuwamo. Andika jina moja." Kanipa fomu yenye mstari mmoja.

Nikawaita wote watatu nyumbani, nikawawekea chai, nikawaambia ukweli. Nilidhani watasukumiana kwa adabu, "mpe mwenzangu, Mzee." Thubutu! Na nikawapenda zaidi kwa hilo.

Hamduni akaanza. "Mzee, mnavyojua nyie, hadithi ilianza angani. Mimi naijua ilianza nimepiga magoti. Komeo la zamani lisingestahimili teke moja. Ulimi wa Tekla ungekuwa na faida gani, na shingo ya Nyamizi ingezuia nini? Na wao walikuwa wanaiona hatari. Mimi sikuona kitu, nilisikia tu. Nikatukanwa na watu sitini na wanane, nawe wa sitini na tisa, na bado sikuweka sahihi."

Nikainamisha macho kwenye kikombe.

Tekla akagusa kovu lake. "Komeo hata likiwa la chuma cha pua, lina mwenye kulifungua kwa ndani. Ningesema samaki, mngenifungulia kwa mikono yenu. Hamduni alikuwa Mwanza, yuko salama. Nyamizi alikuwa na mlango kati yake na yule mtu. Mimi, kati yangu na makali yake palikuwa na ngozi yangu tu. Neno moja lingeniokoa, Mzee, na nililijua, na sikulisema."

Nyamizi akaiweka chai chini bila kuinywa.

"Komeo lilikuwa zima," akasema, "na neno lilikuwa limekwisha semwa. Na bado mkono wako ulikuwa unakuja, Mzee. Wenzangu walimzuia mtu mbaya. Mimi nilimzuia mtu mwema, tena mkubwa wangu, tena ananiamuru. Hamduni ana komeo lake la kujivunia. Tekla watu wanamwita shujaa sokoni. Mimi mama yake Tekla hanisalimii mpaka leo, kwa sababu mimi ndiye niliyekataa kumfungulia mwanawe."

"Mimi nakusalimia," Tekla akamwambia. "Lakini kiti nakitaka."

"Najua. Na mimi nakitaka."

"Hata mimi," akasema Hamduni.

Wakaaga pamoja, wakaondoka pamoja, Nyamizi kambebea Tekla mkoba. Mimi nikabaki na vikombe vitatu na fomu moja.

Ile barua ya kumshtaki Hamduni nimeichana, hilo nimelimaliza. Hili la fomu ndilo linalonishinda. Nikimfikiria rubani mzuri, nataka asikie kisichosikika, kama Hamduni. Nataka hofu isimguse ulimi, kama Tekla. Na nataka aweze kuniambia hapana mimi mwenyewe, kama Nyamizi, maana ndege nyingi zinaponzwa na watu waliomheshimu kapteni wao kupita kiasi. Ondoa mmoja wao siku ile, na mimi siko hapa kuwakaripia.

Fomu hii hapa, kalamu hii hapa. Naipitisha, kila mmoja aishike. Asiniambie mtu wapokezane, umri hausubiri. Asiniambie tupige kura ya vikaratasi, hawa si mbuzi wa bahati nasibu. Nataka jina, na nataka sababu ambayo utaweza kuwatazama wale wawili wengine usoni na kuwaambia.

Mlango?

Naam, umefungwa. Ila huu wa chuo cha urubani kesho saa nne utafunguka mara moja tu, kwa mtu mmoja. Je, wewe uliyeshika kalamu sasa hivi, ungemfungulia nani?